Muuguzi Anajibu: Barua Zenu Kuhusu Makumbusho ya Mütter

Toleo lililopita niliwaeleza kwa kifupi kuhusu Makumbusho ya Mütter ya hapa Philadelphia, Marekani, ninakoishi na binti yangu tangu nilipostaafu uuguzi. Ni nyumba ya matofali mekundu katika mtaa wa 22, si kubwa, lakini ndani yake mmejaa mafuvu, mifupa, viungo vya watu vilivyohifadhiwa ndani ya chupa, na vyombo vya madaktari wa zamani. Barua zimemiminika, za kushangaa na za hasira pia. Nimezichukua hizi.

SWALI: Shikamoo Bibi. Nafundisha baiolojia sekondari. Niliwasomea wanafunzi makala yako, wakaniuliza ni nani aliyepata wazo la kupanga mifupa ya watu kabatini ili wengine waje kuitazama. Sikuwa na jibu. *Mwalimu, Morogoro*

JIBU: Marahaba mwanangu. Waambie kwamba mwanzoni watazamaji hawakuwa na nafasi humo. Thomas Dent Mütter alikuwa daktari wa upasuaji na mwalimu wa chuo cha udaktari cha Jefferson, hapa hapa Philadelphia. Sifa yake kubwa ilikuwa kuwatengeneza watu walioungua. Enzi hizo wanawake walipikia moto wa wazi wakiwa na magauni mapana yanayofagia sakafu. Likishika moto, anayenusurika anabaki na kovu linalomvuta kidevu mpaka kifuani, hawezi kufumba mdomo wala kugeuza shingo. Mütter alikata kipande cha ngozi nzima ya begani, akakiacha kimeshikamana upande mmoja ili damu iendelee kupita, kisha akakizungusha kuziba pengo la shingoni. Nimehudumia wodi ya majeruhi wa moto na ninajua kovu la namna hiyo linavyomfungia mtu ndani. Huyu daktari nampenda kwa hilo moja tu, hata asingeacha makumbusho.

Vitu alivyokusanya vilikuwa vya kufundishia. Eksirei haikuwepo hadi 1895, na kitabu chenye picha ya kuaminika kilikuwa ghali mno. Mwanafunzi aliyetaka kujua mfupa uliooza kwa kaswende unafananaje, ilibidi aushike. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, Mütter alikikabidhi mkusanyiko wake Chama cha Madaktari cha Philadelphia, chama kilichoanzishwa tangu 1787, akaongeza dola 30,000 za kuutunza. Alifariki mwaka uliofuata. Milango ilifunguliwa 1863, na waliokuja ni madaktari na wanafunzi wao. Raia wa kawaida kumiminika kama sasa ni jambo la baadaye sana.

SWALI: Bibi Muuguzi, uligusia droo zenye vitu vilivyotolewa kooni mwa watu. Mwanangu wa miaka miwili alimeza sarafu. Mama mkwe alimshindilia tonge la ugali ili liisukume, na kweli ilitoka chooni baada ya siku mbili. Je, alifanya sawa? Na hizo droo zina nini hasa? *Mama, Tanga*

JIBU: Tanga ni kwetu, mwanangu, kwa hiyo nakujibu kama nakuona. Mshukuru Mungu kwa salama ya mtoto, na mama mkwe mwambie kwa upole kwamba tonge lile lingeweza kumuua. Sarafu iliyofika tumboni hutoka yenyewe, ugali au bila ugali. Iliyokwama kwenye umio haisukumwi na ugali; inapakiwa mzigo juu yake, mtoto anatapika, na matapishi yakiingia njia ya hewa unakuwa na balaa la pili. Hata mwiba wa samaki, ambao sisi watu wa pwani tumelelewa kuusukuma kwa tonge, unaweza kuzama zaidi na kutoboa.

Droo hizo ni za Dk. Chevalier Jackson, aliyezaliwa 1865. Alitengeneza mirija ya chuma yenye taa, akaipitisha mdomoni mwa mgonjwa mpaka kwenye umio au ndani ya mapafu, na kwa koleo jembamba akakitoa kitu bila kupasua kifua. Kila alichokitoa alikitunza, hata mwenyewe akikidai. Vipo 2,374. Ukivuta droo unakuta vimepangwa kwa jamii zake: pini huku, vifungo huku, sarafu, mbegu, mifupa ya nyama, meno ya bandia, vitu vya kuchezea watoto. Nilisimama muda mrefu mbele ya safu ya pini za kufungia nepi. Nyingi zilimezwa zikiwa wazi, ncha ikitazama juu. Kuivuta pini ya namna hiyo ni kumchana mtoto. Jackson aliifunga kwanza humo humo kooni, kwa chombo alichokibuni mwenyewe, ndipo akaitoa.

Sasa nisikilize kwa makini, nawe na kila mwenye mtoto mdogo.

Ya kwanza ni karanga. Jackson aliwapigia kelele wazazi kuhusu karanga kwa watoto ambao magego hayajaota, na kelele hizo ni za kwetu pia. Mtoto anacheka na karanga mdomoni, anapaliwa, anakohoa sana, kisha ananyamaza na kila mtu anashusha pumzi. Wiki mbili baadaye ana homa na kifua. Anapewa dawa, anapona, kinarudi, tena pafu lile lile. Karanga haionekani kwenye eksirei. Ukienda hospitali usiseme tu "ana kikohozi". Sema "alipaliwa na karanga siku fulani". Maneno hayo matatu manne ndiyo yatakayomfanya daktari atafute panapostahili.

Ya pili ni betri ndogo za duara, zile za saa, za rimoti na za vitu vya kuchezea vinavyoimba. Usizichukulie kama sarafu. Ikikwama kwenye umio inaanza kuunguza, na ndani ya saa mbili inaweza kuwa imetoboa. Ni hospitali mara moja, usingoje choo. Kama mtoto amezidi mwaka mmoja na anameza vizuri, mpe vijiko viwili vidogo vya asali kila baada ya dakika kumi mkiwa njiani, isizidi mara sita. Asali inapunguza kuungua. Lakini asali isikucheleweshe hata kidogo, na mtoto wa chini ya mwaka asipewe kabisa.

Ya tatu ndiyo inayoniumiza zaidi. Kwenye wodi niliyofanyia kazi, hospitali sitaitaja, tulikuwa tukipokea watoto waliokunywa kostiki, ile ya kutengenezea sabuni. Mara zote hadithi ni moja: imepimwa dukani au kwa jirani, ikatiwa kwenye chupa ya soda au ya maji, ikawekwa chini ya meza. Mtoto ana kiu. Midomo inavimba, mate yanamwagika, na hata akipona koo linabaki na kovu na kuziba kidogo kidogo, hadi uji unampita kwa shida.

Jackson aliwaona hawa hawa, maana Marekani ya wakati wake kila jiko lilikuwa na kopo la kostiki ya kusafishia. Ameandika habari za binti wa miaka saba ambaye hakuwa akimeza hata maji. Akampitishia mrija, akatoa kipande cha kijivu cha nyama iliyoungua kilichoziba njia. Yule mtoto akapewa maji, akanywa funda dogo kwa woga, likapita. Kisha akaushika mkono wa daktari na kuubusu. Jackson hakuishia kwenye mirija. Alihangaika miaka mingi, jimbo kwa jimbo, hadi 1927 ikapitishwa sheria ya nchi nzima kwamba kila kopo la kostiki liandikwe neno "sumu" na maelezo ya nini kifanyike likinyweka. Kwangu mimi sheria ile ina thamani kuliko droo zote.

Kwa hiyo, mama: kostiki, maji ya betri, dawa ya madoa na mafuta ya taa visikae kamwe kwenye chupa ya kinywaji. Mtoto akinywa, usimtapishe, kwa sababu kinachounguza kikishuka kinaunguza tena kikipanda. Usimpe ndimu wala siki eti "ikate makali". Maziwa usimlazimishe. Msukutue mdomo, beba chupa yenyewe, nenda.

Na anayekabwa, hawezi kukohoa wala kulia: usichokonoe kwa kidole usichokiona kinagusa nini. Mtoto mchanga mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, umpige mgongoni katikati ya mabega mara tano kwa kiganja. Kama bado, mgeuze, umkandamize kifua kwa vidole viwili mara tano, urudie. Aliyezidi mwaka, mpige mgongoni mara tano vile vile akiwa ameinama, kisha simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, uvute ndani na juu mara tano. Zahanati nyingi watakuonyesha ukiomba. Omba.

SWALI: Kaka yangu ni baharia, alifika huko akaona mifupa ya mtu aliyegeuka jiwe. Mtaani tunabishana, wengine wanasema alirogwa. *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Hakurogwa, na si jiwe, ni mfupa. Jina lake ni Harry Eastlack, alizaliwa Philadelphia mwaka 1933. Akiwa mtoto mdogo alivunjika mguu akicheza na dada yake, na mguu haukupona kama miguu mingine inavyopona. Ulianza kukakamaa. Alikuwa na ugonjwa unaofupishwa FOP: mwili ukiumia, badala ya kutengeneza nyama unatengeneza mfupa. Msuli unageuka mfupa, kano zinageuka mfupa, kiungo baada ya kiungo kinafungwa. Madaktari walipomkata kuondoa mfupa uliozidi, jeraha lenyewe likazaa mwingine. Alipofariki 1973, zikiwa zimebaki siku sita atimize miaka 40, alikuwa akiweza kusogeza midomo tu.

Mifupa ya mtu wa kawaida, nyama ikishaondoka, inatawanyika. Ili isimame lazima ifungwe kwa nyaya. Ya Eastlack karibu inasimama yenyewe. Mgongoni kuna bamba za mfupa zinazoteremka kutoka shingoni, na mikono imeshonewa kifuani kwa vijiti vya mfupa.

Lakini mwambie kaka yako jambo ambalo huenda hakulisoma kwenye kibao: Eastlack mwenyewe alitaka mwili wake uende kwa wanasayansi. Pembeni yake sasa amesimama Carol Orzel, mwenye ugonjwa huo huo, aliyefariki 2018. Huyu aliwahi kumwona Eastlack pale kabatini, akakubali naye awekwe, kwa sharti kwamba vito vyake vya kujipamba viwekwe pamoja naye. Vimewekwa, tangu 2019. Ni mikufu na bangili za rangi rangi, na kwa macho yangu hakuna kitu kizuri zaidi katika nyumba ile.

Wakitazama mifupa kama hii na wagonjwa walio hai, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini humu humu, waliitambua jeni (chembe ya urithi) inayousababisha, ACVR1, mwaka 2006. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya kuupunguza makali.

Wauguzi wenzangu wa wodi za wazazi, hili ni lenu. Ugonjwa huu ni nadra sana, takriban mtu mmoja katika milioni, msimtishe mama yeyote wala asiache chanjo za mwanawe kwa ajili yake. Ila mkimpokea mtoto ambaye vidole gumba vya miguu vyote viwili ni vifupi na vimepinda kuelekea vidole vingine, andikeni kwenye kadi. Baadaye akija na uvimbe mgumu shingoni au mgongoni, asichomwe sindano ya msuli wala asikatwe kipande cha kupima kabla daktari bingwa hajaangalia miguu yake. Kukata kunauamsha.

SWALI: Ubongo wa Einstein upo hapo au ni uzushi? *Msomaji, Bujumbura*

JIBU: Vipo vipande vyake, vyembamba kuliko karatasi, vimebandikwa kwenye vioo vya hadubini, vioo 46. Einstein alifariki 1955 na daktari aliyempasua aliuchukua ubongo. Vioo hivi vilifika makumbusho 2011. Mimi nilipita haraka.

SWALI: Assalaam alaykum. Mtume wetu (s.a.w.) amesema kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja wakati yu hai. Wewe ni mama wa Kiislamu. Unalipaje kiingilio kwenda kuwatazama maiti walionyimwa kaburi? *Msomaji, Unguja*

JIBU: Wa alaykum salaam ndugu yangu. Fatwa si kazi yangu, na hadithi uliyoitaja naiheshimu. Niliifikiria mle ndani. Nakujibu kama mtu aliyeosha maiti wengi na kuwafunga vidole gumba kwa bandeji.

Mle ndani hawako sawa. Eastlack na Orzel waliulizwa wakakubali. Lakini ghorofa ya chini, sehemu nyingine, yupo wanayemwita Mwanamke wa Sabuni. Alizikwa kwenye udongo wenye unyevu usio na hewa, na mafuta ya mwili wake yakageuka kitu kama sabuni, kwa kemia ile ile ya kostiki na mafuta. Kaburi lake lilifukuliwa, na mwaka 1875 Dk. Joseph Leidy akamleta kwenye makumbusho na maelezo kwamba alikufa kwa homa ya manjano mwishoni mwa karne ya 18. Eksirei za miaka ya 1980 zikaonyesha pini na vifungo vya karne ya 19. Kwa hiyo hata mwaka wa kufa kwake ulikuwa wa kubuni. Mdomo wake uko wazi. Ningekuwa na uamuzi, angezikwa kesho asubuhi.

Yapo pia mafuvu 139 ya Josef Hyrtl, daktari wa Vienna, yaliyonunuliwa 1874. Wengi walikuwa maskini, askari, walionyongwa, waliojiua. Hawakuulizwa. Ila Hyrtl aliwaandika juu ya mfupa: jina, umri, mahali, kazi, kilichomuua. Mmoja ni Girolamo Zini, kijana wa miaka 20, mtembea juu ya kamba, alivunjika shingo. Na Hyrtl aliyakusanya ili kuwakanusha waliodai kwamba ukipima fuvu utajua akili na tabia ya mtu. Wazungu peke yao tu, alionyesha, wana mafuvu ya kila umbo.

Hapo ndipo moyo wangu ulipokwenda nyumbani. Maana miaka michache baadaye Wajerumani walikusanya mafuvu ya Afrika Mashariki kwa mamia, na nia yao ilikuwa hasa ile aliyoipinga Hyrtl: kupima na kupanga watu kwa rangi. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijipiga risasi 1898 asikamatwe, nao wakamkata kichwa. Kurudishwa kwa fuvu lake kuliandikwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na bado likaja kurudi 1954, baada ya Gavana Twining kulichagua kati ya mafuvu mengi ya Bremen, kwa vipimo na tundu la risasi. Liko Kalenga, Iringa, ndani ya makumbusho ndogo kuliko hii ya Mütter. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga, alinyongwa Old Moshi mwaka 1900 na kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani, wajukuu wanakitafuta. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba mafuvu matatu yamepata ndugu zao walio hai Tanzania kwa kipimo cha DNA, mmoja wao akiwa Akida, mshauri wa huyo huyo Mangi Meli. Zaidi ya karne nzima rafuni, na ndugu wapo.

Ndiyo maana nililipa kiingilio, ndugu yangu. Nilitaka kuona wanavyowaweka. Mwaka huo huo wa 2023 wakuu wa Mütter nao walianza kupitia upya mkusanyiko wao, nani alipatikana vipi, wakaondoa kwa muda video zao nyingi mtandaoni. Mashabiki wengi wa makumbusho walikasirika. Mimi naona walichelewa. Daktari anayejifunza kwa mwili wa mtu ana deni kwake, na deni hilo linaanza na kujua alikuwa nani na kama aliridhia. Waliopatikana kwa wizi warudishwe. Na waliokubali wabaki, majina yao yakiandikwa kwa herufi kubwa. Na mimi, kwa kuwa utauliza, nimeshamwambia binti yangu: sanda na kaburi, tena kwetu.

SWALI: Shikamoo Bibi. Niko mwaka wa kwanza wa udaktari. Mezani kwetu kuna mwili wa mzee mmoja, hatujaambiwa jina. Wenzangu wamempa jina la utani na wanacheka. Nami nacheka, kisha usiku silali. *Mwanafunzi, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba mwanangu. Wanacheka kwa woga, usiwahukumu sana, ila kicheko kife hapo hapo. Katika vyuo vingi vya kwetu miili ya kufundishia ni ya watu ambao ndugu hawakujitokeza mochwari. Huenda mzee wako alikuja mjini kutafuta maisha na kijijini bado wanamngoja apige simu. Hakukubali wala hakukataa. Hakuulizwa.

Kesho ingia mapema. Msalimie, ndiyo, kwa sauti. Umwite mzee, hilo ni jina tosha. Uso wake ufunikwe siku ambazo somo si la kichwa. Kila kipande mnachokitoa kihifadhiwe na mwili wake, kisichanganywe na cha meza nyingine, na hili mlisimamie nyinyi wenyewe bila kungoja mtumishi wa maabara. Kisha tafuta wenzako wawili watatu, wa dini yoyote, mwende kwa mwalimu wenu wa anatomia mkaulize mambo mawili: miili hii inazikwa lini, na je, wanafunzi wanaruhusiwa kuhudhuria. Vyuo vingi duniani hufanya siku ya kuwaombea na kuwashukuru waliowafundisha kwa miili yao. Kama chenu hakina, andikeni barua ya kuomba, muisaini darasa zima. Niletee jibu watakalowapa, nitalichapa hapa.